Posa Kupitia Tundu la Jiwe

Mufleh alinikataa mara tatu, na mara zote alitumia maneno yaleyale: "Dada yangu hataolewa na mtu anayepuliza mbuzi."

Si mbuzi. Ni zumari la mfuko. Mfuko wenyewe ni wa ngozi, sikatai, lakini nililipuliza jeshini miaka ishirini na miwili mbele ya majenerali, na hakuna jenerali aliyewahi kuniuliza habari za mbuzi. Nilipostaafu nikapata kazi ya kupiga katika ule ukumbi wa Warumi wenye viti vya mawe, kwenye magofu yetu ya Jerash. Kila siku isiyo na mvua, mimi na Khulaif mpiga ngoma tunajifunga vilemba vyekundu na kuwachezesha wageni. Hapo ndipo nilipompata Fidha. Kazi yake ni kurudishia vijiwe vya sakafu za kale, kimoja kimoja, kwa kibano, na ana subira ambayo mimi sikujaliwa hata chembe. Yeye mjane, mimi mgane. Nikaona kazi imekwisha nusu.

Kumbe kuna kaka mtu. Mufleh ana mashine ya kukamulia zeituni juu ya kilima, mkabala na magofu, na tangu mkewe afariki Fidha ndiye anayemtunza. Fidha naye hakuwa tayari kuolewa huku kaka amenuna.

"Hayel, nimechoka," aliniambia Jumatano, kibano mkononi. "Mwanangu ananiita Aqaba nikalee wajukuu. Ijumaa hii kaka akikataa tena, Jumamosi napanda basi. Na ukinipigia simu sipokei."

"Akikataa tena namvunja miguu!"

"Ukimvunja miguu nitabaki kumuuguza. Tumia akili."

Akili ilitoka kwa Khulaif, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Chini ya safu ya kwanza ya viti vya ukumbi kuna ukuta mfupi wenye matundu ya mviringo. Ukinong'ona kwenye tundu la mwisho upande huu, aliye kwenye tundu la mwisho upande wa pili anakusikia kana kwamba umemshika sikio. Sisi wengine tuliuchoka mchezo huo tangu utotoni. Lakini Mufleh, aliyezaliwa hatua chache kutoka hapo, hajawahi kutia mguu ndani ya magofu.

"Tunamkalisha kwenye tundu lile," Khulaif akasema. "Mimi huku nanong'ona sifa zako. Atadhani ni dhamiri yake."

"Mufleh ana dhamiri?"

"Basi atadhani ni shetani. Mradi asikie."

Ijumaa baada ya sala Fidha akamleta, kwa kisingizio cha kumwonyesha sakafu aliyoimaliza. Mimi nilijificha ukumbini, lakini sauti ya Mufleh haihitaji tundu; niliisikia tangu yuko nje.

"Tiketi? Ya kutazama mawe? Shambani kwangu nayaokota bure, na nikipata wa kuyachukua nampa na chai!"

"Kaka, nimeshalipa."

"Na mji mzima huu hamna paa hata moja. Ndiyo maana walihama hawa!"

Alipoingia ukumbini alikuwa anahema na goti linamuuma. Fidha akamkalisha kwenye jiwe chini ya ukuta, tundu likiwa sawa na sikio lake la kulia. Katikati yetu kulikuwa na kundi la Wapolandi wapatao arobaini wakimsikiliza mwongozaji wao, kwa hiyo hakutuona. Khulaif akapiga magoti upande wetu na kuingiza mdomo tunduni.

"Mufleh," akaita kwa sauti ya kaburini. "Mufleh bin Dhiyab. Hayel ni mtu mwema. Hayel ana mashamba."

Nikamfinya. "Sina mashamba, wewe!"

"Hayel hana mashamba," Khulaif akasahihisha, "lakini meno yake yote ni ya kwake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaweka sikio karibu na lake tusikilize pamoja.

"Fidha, umesema kitu?" ilikuja sauti ya Mufleh.

"Mimi? Hapana."

"Kuna mtu ananisifia meno ya Hayel."

"Labda ni moyo wako, kaka."

"Moyo wangu utayajulia wapi meno ya Hayel?"

Khulaif akavuta pumzi aendelee. Nikamsukuma pembeni kabla hajafika kwenye habari za figo zangu, nikabaki na sikio tunduni peke yangu. Nilitarajia kusikia matusi. Nikasikia mtu anashusha pumzi ndefu.

Leo nayasimulia haya bila kumvunjia heshima, maana Mufleh mwenyewe huwasimulia wateja wake kila msimu wa zeituni, tena akitia chumvi. Siku ile ilikuwa siri, na hakumwambia mtu ila dada yake.

"Ikiwa hata mawe yanamsifu, niseme nini mimi?" alisema taratibu. "Unadhani namchukia yule bwana? Simchukii. Upepo ukivuma kutoka huku, nazima mashine nisikilize zumari lake. Wateja wananiuliza, umeme umekatika? Nasema ndiyo, umekatika."

"Sasa mbona unamkataa?"

"Sultan mwanangu yuko Ujerumani, ananipigia simu Iddi hadi Iddi. Ukiolewa wewe, jioni mimi nitakula na nani? Nitasimama jikoni nile kwenye sufuria kama mwizi. Siwezi kumwambia mtu hivyo, Fidha. Heri waseme nina kiburi. Na wewe usimwambie Hayel."

"Simwambii," Fidha akajibu. "Wallahi, neno halitanitoka mdomoni." Alikuwa anajua fika sikio langu liko wapi, na nilimsikia anavyojikaza asicheke, na asilie pia.

Mimi ni mtu wa hasira. Hasira nimezizoea, najua pa kuzipeleka. Hili lililonipata siku ile sikujua nilipeleke wapi. Miaka miwili nilikuwa nikimtukana mtu yule mbele za watu, kumbe alikuwa anaogopa kula peke yake, kama mimi ninavyoogopa. Ulimi ukanitangulia.

"Utakula kwetu, Mufleh."

"Audhubillahi!" sauti ikarudi. "Fidha! Jiwe limesema tena!"

"Limesema nini?"

"Limesema nitakula kwao! Majini si wanakula mifupa? Mimi meno yangu si kama ya Hayel!"

Hapo mwongozaji akamaliza maelezo yake na Wapolandi wote wakaondoka kwa pamoja kwenda kupanda ngazi. Uwanja ukabaki mweupe. Upande mmoja Mufleh na dada yake, upande wa pili mimi, magoti chini, masharubu ndani ya tundu, makalio yameelekea jukwaani.

Mufleh akainuka. Goti lililokuwa linamuuma lilipona palepale. Nikasimama nikajikung'uta vumbi, nikamwendea, tukakutana katikati ya uwanja. Khulaif na Fidha wakatufuata mbiombio.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

Midomo ilikuwa inamtetemeka. Nilidhani ni ghadhabu, kisha nikayaona macho yake, nikajua ni aibu. Nikajua pia kwamba nikisema kweli mbele ya Khulaif, ambaye siri angeitoa hata kwa samaki wa kuchorwa, Mufleh atatoka pale asirudi tena. Mtu ukishamvua nguo hadharani hakupi dada yake. Na basi la Aqaba lilikuwa kesho asubuhi.

"Nimesikia unasema zumari langu linakukera," nikamjibu. "Eti linakuharibia kazi yako ya zeituni."

Akanikazia macho. "Hilo tu?"

"Hilo tu. Na umenikosea sana. Ila hata ukinikosea, nyumbani kwetu hatuli jioni mpaka mkubwa wa familia afike. Ukichelewa wewe, wote tunalala na njaa. Hiyo si hisani, ni desturi yetu."

"Desturi hiyo tangu lini?"

"Tangu marehemu babu yangu."

"Babu yako gani?" Khulaif akadakia. "Yule aliyekuwa anajifungia na kuku wake..."

Nikamkanyaga mguu. Mufleh aliona nilivyomkanyaga. Alijua nimedanganya mara mbili ndani ya dakika moja, na alijua nimefanya hivyo kwa ajili ya nani. Aligeuka tu, akamwomba Fidha chupa ya kahawa iliyokuwa kikapuni mwake, akamimina kikombe, akanipa.

Nikakipokea kwa mkono wa kulia, nikainama, nikakiweka sakafuni baina ya miguu yetu. Sikukigusa tena. Kwetu, aliyeleta posa hanywi kahawa ya wenyeji mpaka ajibiwe, na akikataliwa huondoka akakiacha kikombe kimejaa. Sikuja na mshenga wala wazee, nilikuja na Khulaif na viatu vyenye vumbi, lakini kahawa ni kahawa. Fidha alikishika kikapu kwa mikono miwili. Juu yetu Wapolandi walikuwa wanapiga picha.

Mufleh alikitazama kile kikombe mpaka mvuke ukaisha. Nikaona ndiyo basi tena.

"Nyumba yako ina ngazi?" akauliza.

"Mbili."

"Goti langu hili."

"Nitazibomoa."

"Fidha anajua kwamba unakoroma?"

"Sikoromi!"

"Anakoroma," Khulaif akasema. "Jeshini tulilala hema moja."

"Nitamzoea," Fidha akasema, na uso ukamwiva.

Mufleh akajikohoza. Yeye hakujua amesimama wapi. Katikati ya uwanja ule kuna mahali ambapo hata mnong'ono hupanda mpaka viti vya juu kabisa, na alipoinamisha kichwa na kushusha sauti, alidhani ananiambia mimi peke yangu.

"Kunywa, shemeji," alisema. "Ila usiniache nile peke yangu."

Ukumbi mzima ukasikia. Mlinzi aliyekuwa juu kabisa akavua kofia, Wapolandi wakageuka kuangalia ni nani aliyesema, nami nikakidaka kile kikombe nikanywa kahawa yote kwa funda moja, kabla Mufleh hajainua kichwa.