Watu Arobaini na Andiko la Sista

Sina cheti cha chochote. Ninachokijua kuhusu ugonjwa wa viungo nilikisoma kwenye makaratasi ya watu waliokuja kutoa fotokopi dukani kwangu: majibu ya maabara, barua za madaktari, vijitabu vya semina. Mashine inapiga nakala, mimi nasoma. Nimesoma hivyo miaka mingi, nimesimama, magoti yanawaka moto, na nilipoanzisha kundi la wagonjwa wenzangu mtandaoni nilikuwa na cha kusema. Tulianza watu sita. Tulipofika elfu tisa walikuwa wananiita Mwenyekiti, ingawa hakuna aliyenipigia kura.

Kampuni yenye ule mtandao ilituonea. Nimeandika hivyo na sifuti. Mama anauliza kidonge anywe kabla ya kula au baada, swali lake linaondolewa: limekiuka kanuni za taarifa za afya. Muuza chupa za mizizi anaahidi kunyoosha vidole vilivyopinda kwa siku saba, yeye anaachwa, maana amelipia tangazo. Tukalalamika, tukajibiwa na mashine. Tukailalamikia mashine, tukajibiwa na mashine nyingine, yenye adabu zaidi.

Basi tukaichunguza. Tukagundua kwamba ile mashine haisomi, inahesabu. Watu wengi wakibonyeza "ripoti" kwa mpigo, wote wakichagua kosa moja, andiko linaondoka papo hapo. Atakayelisoma kwa macho ya binadamu atalisoma baadaye, na hiyo baadaye haifiki. Nikachagua watu arobaini ninaowaamini, nikawaweka kwenye kikundi cha pembeni. Kazi ilikuwa nyepesi: nikituma andiko na neno "piga", kila mtu aache alichoshika, apige. Muuza mizizi alidumu dakika tisa. Siku ile tulishangilia kama watu walioshinda kesi, na mimi nilijiona nimepata meno.

Sasa nimtaje Fundi. Huyu ni fundi cherehani, kibanda chake kimegusana ukuta na duka langu, na viungo vyake ni vibovu kama vyangu. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anatumia vidonge vya steroidi mwaka wa tatu, na vilimrudishia vidole. Asubuhi aliweza kutunga uzi kwenye sindano bila kumwita mtu. Ila vilimvimbisha uso.

"Mwenyekiti, wateja wanadhani nimepata urithi," alikuwa akisema, huku anajipiga mashavu. "Nikiwaambia ni dawa wananiuliza inauzwa wapi."

Mwezi wa tatu alikwenda kubadilisha kitambulisho. Picha nilimpiga mimi mwenyewe, kwenye pazia langu jeupe. Karani akaangalia picha mpya, akaangalia ya zamani, akamrudishia bahasha. Huyu si wewe, akamwambia, kamlete mwenyewe. Fundi alirudi akatusimulia na wote tukacheka, yeye akicheka kuliko wote. Mke wake peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kibandani, anashona vifungo.

"Usimchekee, shemeji," akaniambia. "Jana kakificha kioo cha chumbani."

Wiki ile ile ndipo Sista alipoandika. Huyu alikuwa muuguzi wa hospitali kuu, ana ukurasa wake, anaeleza dawa kwa lugha ya kawaida, na watu wa kundi langu walikuwa wanamfuata. Andiko lenyewe nalikumbuka neno kwa neno: Anayetumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu asiache ghafla, hata kama amechoka navyo. Mwili wako umezoea kupewa, umeacha kujitengenezea. Ukikata kwa siku moja unaweza kuanguka na kufa. Rudi kliniki, upunguziwe kidogo kidogo.

Lilikuwa kweli. Nilijua ni kweli tangu mstari wa kwanza, kwa sababu nilishalisoma jambo hilo kwenye barua ya daktari miaka minne nyuma, mashine ikipiga nakala tatu. Lakini pembeni ya andiko palikuwa na picha ya mwandishi, na uso ule nilikuwa naujua.

Miaka kumi na moja nyuma nilisimama mbele ya dirisha la wagonjwa wa nje, mama yangu mzazi kanibebea begi kwa sababu vidole vyangu havikuweza kukunjika. Nyuma ya dirisha alikaa yeye, saa ndogo imebanwa kifuani kwa pini, kalamu ya bluu isiyo na kifuniko. Akaangalia kadi yangu, akasema kwa sauti ya kusikika foleni nzima: "Wewe tena? Kila Jumatatu unaumwa. Kijana mzima unabebewa begi na mama, nenda katafute kazi." Watu wakacheka. Mama alihamisha begi bega jingine. Mama ameshafariki, na nikimkumbuka huanza na lile begi.

Nikatuma andiko la Sista kwa wale arobaini. Piga.

Mmoja wao aliuliza, "Huyu naye ana kosa gani?" Nikamjibu, "Anatisha wagonjwa. Huyu namjua tangu zamani." Akaamini, maana nilishamzoesha kuniamini. Andiko liliondoka kabla chai yangu haijapoa, na kesho yake ukurasa wote ukafungwa, pamoja na maandiko ya miaka sita. Nilikwenda kufungua duka nikipiga mluzi.

Saa tano asubuhi hiyo Fundi akanitumia ujumbe. Alikuwa hatua nne kutoka nilipo, lakini alikuwa na mteja. Akaandika: "Mwenyekiti, jana niliona kichwa cha andiko la Sista kuhusu kuacha vidonge. Nimerudi nisome, halipo. Lilikuwa linasemaje?"

Ningeweza kumwambia kupitia ukutani. Nilimjibu: "Achana nalo, uzushi tu. Ndiyo maana limeondolewa."

Nimejitetea kwa maneno mengi tangu siku ile. Kwamba sikumwambia aache dawa. Kwamba hakuniambia anataka kuacha. Mtu akikuuliza andiko kuhusu kuacha vidonge lilisemaje, na juzi karani kamwambia yeye si yeye, unahitaji akuambie nini tena?

Vidonge aliviacha siku ile ile. Siku ya nne alianza kutapika. Akasema ni chakula. Siku ya sita, saa nane mchana, nilisikia cherehani imenyamaza katikati ya mshono, halafu kishindo. Tulimkuta chini, shati la mtu limemfunika mkono, midomo haina rangi. Tukampakia kwenye gari la muuza vigae.

Hakufa. Walimrudishia dawa ileile kwa mshipa, na siku ya tatu akaweza kukaa. Nilipofika wodini saa ya kuona wagonjwa, mke wake alikuwa kwenye benchi la korido, chupa ya uji mapajani. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Shemeji, afadhali umekuja. Unajua Sista wa hapa kaniambia nini? Kasema aliandika, akawaonya watu wasiache ghafla, na wale wenye mtandao wakafuta! Wakamfungia na ukurasa! Mume wangu aliliona lile andiko, aliniambia mwenyewe, akasema atalisoma akimaliza kazi. Sasa wewe unajua kuandika. Waandikie. Waambie walitaka kuniachia watoto watatu."

Habari zilishafika kundini, na moto ulikuwa umewaka. Watu elfu tisa walitaka barua, na barua nilikuwa nayo mfukoni, nimeiandika asubuhi. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Kila nililoisemea kampuni lilikuwa sahihi: kwamba inahesabu badala ya kusoma, kwamba inamlinda mwenye tangazo, kwamba maisha ya mgonjwa kwake ni takataka ya kufagiwa. Nikamsomea. Nilipofika mstari wa mwisho alikuwa analia.

"Mungu akupe umri, shemeji," akasema. "Sisi bila wewe tungesemewa na nani?"

Asingesema hivyo, sijui kama ningekiri.

"Shemeji, si wao," nikamwambia. "Wao waliondoa, ila ni mimi niliyewapa watu kazi ya kuliondoa. Na Fundi aliniuliza lilisemaje. Nikamwambia ni uzushi."

Akanitazama kama mtu anayesubiri mzaha uishe.

"Ulidhani ni uzushi?"

"Hapana."

"Ulijua ni kweli."

"Nilijua. Nilikuwa na kisa changu na yule Sista. Cha zamani."

Alichukua muda kufunga kile kifuniko cha chupa, kilichokuwa kimefungwa tayari. "Ingia ukamwambie," akasema. "Mimi siwezi kukubebea."

Fundi alikuwa ameegemea mto, uso umeanza kupungua, anaonekana mzee. Nikamwambia yote, nimesimama. Alinisikiliza akikunja na kukunjua vidole juu ya shuka.

"Nilikuuliza wewe kwa sababu kliniki wananiharakisha," akasema mwishoni. "Nikasema Mwenyekiti ana subira." Halafu akageuka upande wa dirisha. "Niitie mke wangu."

Nilipotoka Sista alikuwa mezani kwake, anajaza chati. Nywele zina mvi sasa. Saa bado ilikuwa kifuani. Nikamwambia jina la kundi langu, nikamwambia wale arobaini ni watu wangu, nikamwambia kuhusu dirisha, foleni, begi. Nilisimulia kwa ukamilifu, hadi kalamu, kama mtu anayewasilisha vielelezo. Nadhani nilitaka naye abebe kidogo.

Aliniangalia, akinitafuta kichwani.

"Kaka, sikumbuki," akasema. "Pale dirishani nilikuwa naona watu mia mbili kwa siku. Kama nilisema hivyo, nilikosea, na kwa mama yako pole sana." Akaweka kalamu chini. "Lakini waliokuwa wananisoma walikuwa elfu ishirini. Wao walikukosea nini?"

Hakusubiri jibu. Alinifungulia simu yake akanionyesha. Alikata rufaa, wakamkatalia. Kampuni ilisema ukurasa unaweza kuangaliwa upya ikiwa waliolalamika wataondoa malalamiko yao, kila mtu kwa mkono wake, na aeleze kwa nini alilalamika. Alikuwa na siku tano, baada ya hapo maandiko yote yangefutwa.

"Kwa hiyo ni watu wangapi?" akauliza.

"Arobaini. Na mimi."

"Basi anza. Usikae hapo kwenye mlango, machela inapita."

Nilisogea mwisho wa korido, karibu na sinki. Ile barua nzuri niliichana, si kwa sababu ni uongo, ila kwa sababu sikuwa na uso wa kuisaini. Nikaanza na mimi. Fomu ikaniuliza sababu ya kulalamika, ikanipa nafasi ya mistari mitatu. Nikaandika: nilijua ni kweli. Nikatuma.

Halafu nikampigia wa kwanza katika arobaini, dada mmoja mwenye saluni, mwepesi wa kubonyeza kuliko wote. Nilisikia mashine ya kukaushia nywele ikizimwa ili anisikie vizuri.

"Mwenyekiti!" akasema, kwa furaha kabisa. "Niambie. Leo tunampiga nani?"

"Tafuta pa kukaa, dada," nikamwambia. "Nina jambo la aibu la kukueleza, na likiisha nina ombi."