Asilimia Sita

Kazi ya kubashiri vita haina ubani wala kupunga pepo. Ina viti vya kuzunguka, kahawa iliyopoa, na watu tisa wenye digrii zao wanaobishana kama ni asilimia kumi na moja au kumi na mbili. Kila Jumatatu mkuu wa kitengo alibandika maswali ukutani, na swali la kwanza halikubadilika mwaka mzima: je, wiki hii jeshi la lile taifa kubwa la mbali litayapiga makundi yenye silaha yaliyojichimbia nchi jirani? Kila mtu aliandika namba yake kwa siri kabla ya saa tano asubuhi. Saa tano ikigonga hakuna kubembeleza, na Ijumaa aliyeukaribia ukweli zaidi ndiye aliyevuna alama.

Aliyeongoza kwa alama alikuwa mwanamke wa makamo waliyempachika jina la Bi Asilimia. Alilipenda jina hilo, ingawa alijidai kununa akiitwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ule wa watu wanaojua kuwa wana akili: hakuweza kuvumilia kuchekwa.

Na alichekwa. Mwezi mmoja nyuma aliona dalili, akaandika sabini wakati wenzake wameandika tano na nane. Mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa ameolewa huko huko nchi jirani, kwenye mji mdogo chini ya milima ya wapiganaji, basi akampigia simu akamwambia, "Ondokeni leo leo." Wakaondoka. Mama mkwe wa mdogo wake, mgonjwa wa kifua, akakata roho njiani juu ya godoro kwenye gari la mizigo. Wiki ikaisha kimya, hata fataki haikulia. Ofisini mkuu alisoma alama mbele ya wote, akasema, "Bi Asilimia wetu wiki hii amepigana vita peke yake." Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Kicheko kile kilimkaa rohoni kuliko kifo cha yule mama, na hilo ni jambo la aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu ya kisa hiki dalili zilikuwa zile zile, na nyingine juu yake: ndege za kuzijazia nyingine mafuta angani zimehamishwa kambi, familia za mabalozi zimerudishwa kwao. Bi Asilimia aliandika arobaini. Akaitazama. Akamsikia mkuu akikohoa meza ya pili, akafuta, akaandika ishirini. Zilipobaki dakika tano akafuta tena, akaandika sita. Hiyo sita ilitokana na woga, hesabu haikuwemo kabisa. Ila namba ikishaandikwa vizuri kwa wino, hata mwenyewe huanza kuiamini.

Alasiri mdogo wake akapiga.

"Dada, huku watu wanafungasha. Jirani amepakia hadi milango ya nyumba. Niambie na mimi."

"Mumeo anasemaje?"

"Anasema hatoki tena ng'o. Anasema safari ile nilimuua mama yake kwa maneno yako. Lakini ukisema tutoke, nitamburuta."

Bi Asilimia alifumba macho. Arobaini ilikuwa mdomoni, imebaki kutemwa tu. Akawaza: na kusipotokea kitu mara ya pili? Shemeji atanionaje? Nitauficha wapi uso wangu?

"Ni sita," alisema.

"Sita ndiyo nini?"

"Sita kwa mia. Ni kama hakuna. Kaa ushone nguo zako."

Mdogo wake akashusha pumzi, akacheka. "Afadhali. Nina sare za shule za kumaliza kabla ya Ijumaa, nimewaita wasichana wangu wote wa kushona waje karakana. Ahsante, dada. Wengine wote huku wanaropoka tu."

Alhamisi asubuhi makombora mawili yaliangukia karakana ile. Walikufa watu kumi na mmoja, na mdogo wake akiwemo. Shemeji alikuwa ametoka kwenda kuteka maji, ndiyo maana akabaki. Ni yeye aliyepiga simu. Alisema wamempata, wamemtambua kwa mkono, akakata.

Bi Asilimia alilia chooni, bomba la maji likiwa wazi ili asisikike. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi, wakati kutoa namba nje ya ofisi ni kosa la kufukuzwa?

Ijumaa ilikuwa siku ya kufunga maswali. Kanuni yao ilisema aliyetunga swali ndiye anayeamua jibu, na swali la kwanza alilitunga Bi Asilimia. Mkuu akasoma tangazo la lile jeshi: wamelenga karakana ya mavazi ya kivita, wapiganaji kumi na mmoja wameangamizwa.

"Wenyeji wanadai walikuwa mafundi cherehani," akaongeza. "Na swali linasema makundi yenye silaha. Haya, Bi Asilimia. Ukisema ndiyo, sita yako imekuumbua. Ukisema hapana, wewe ndiye bingwa, maana sote tuliandika juu ya kumi na tano. Ila usijipendelee!"

Watu wakacheka. Bi Asilimia aliitazama meza. Akisema ndiyo, amemwandika mdogo wake kuwa mpiganaji kwa mkono wake mwenyewe. Akisema hapana, amesema kweli, na kweli hiyo inampa ushindi.

"Hapana," alisema. "Walikuwa wanashona sare za shule."

"Za shule? Umejuaje?"

"Nimesoma mahali."

Mkuu akaandika HAPANA kwa kalamu nyekundu. Wenzake wakapiga makofi, na yeye, kwa mazoea tu, akatabasamu. Tabasamu hilo alilijutia hapo hapo, lakini lilikuwa limeshaonekana.

Makofi hayajaisha, simu ikatetemeka. Alikuwa shemeji. Akatoka nayo mpaka kwenye ngazi.

"Shemeji, tunazika kesho asubuhi. Mji mzima unataka kuja kumsindikiza, lakini wanaogopa. Wanasema wale wakiona watu wengi mahali pamoja, wanapiga tena. Wamenituma nikuulize wewe. Nimzike na watu, au peke yangu?"

Hakuwa anakejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na hapo ndipo palipouma zaidi. Bi Asilimia alikuwa na jedwali zima la mazishi yaliyowahi kupigwa, amelikusanya mwenyewe, na namba ilimjia kichwani bila kuitwa. Akaimeza.

"Sijui, shemeji," alisema. "Haki ya Mungu, sijui."

Upande wa pili kilisikika kishindo cha sepetu.

"Hiyo sijui ungempa mdogo wako Jumatatu," alisema shemeji, "angeondoka."