Ruti Namba Ishirini na Mbili

Noreen Balchunas alikuwa amepanda ngazi za watu akiwapelekea vifurushi kwa miaka ishirini na moja. Scranton ni mji wa vilima, na ruti yake ndiyo iliyopita kule juu kusini, ambako kila nyumba imekaa juu ya ukuta wa mawe na theluji ikigeuka barafu hakuna mwenye nyumba anayejisumbua kuikwangua. Wanaagiza gunia la chakula cha mbwa la ratili hamsini, kisha wanasimama dirishani na kikombe cha kahawa wakikutazama unavyopanda nalo. Goti lake la kushoto lilikwisha kupasuliwa. Kuhusu la kulia daktari hakumzungusha: mwaka mmoja tu wa ngazi nyingine, na hilo nalo kwisha.

Kwa hiyo dereva wa ruti namba ishirini na mbili alipostaafu, Noreen aliiona kama dawa yake. Ilikuwa ruti ya katikati ya mji, kwenye tambarare, ofisi na maduka, vifurushi vinasukumwa kwa kitoroli na juu unapanda kwa lifti. Pale ghalani, magari yanakopakiwa, ruti haigawiwi na bosi. Karatasi inabandikwa karibu na mashine ya kahawa kwa siku tano, anayetaka anatia saini, na mwenye miaka mingi zaidi kazini ndiye anayeichukua. Wazee wa chama cha wafanyakazi waligoma wiki kumi na moja kwenye baridi ili iwe hivyo. Noreen alisaini Jumatatu. Wachache waliomzidi miaka hawakuitaka, na Ijumaa mchana ikawa yake. Wenzake wakampigia makofi, na jioni ile alimnunulia mumewe pitsa nzima.

Jumatatu iliyofuata akafungua gari la ishirini na mbili akakuta limejaa chakula cha mbwa.

Todd Haverly, msimamizi, kijana ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko chakula chake cha mchana, alikuwa ameshinda ofisini Jumamosi akihamisha vituo vya kushushia vifurushi. Ofisi na maduka yenye lifti aliyatoa kwenye ishirini na mbili akayaweka kwenye ruti mpya, namba thelathini na moja. Pengo akalijaza na nyumba za kilimani. Na kwa kuwa ruti mpya aliiita ya muda, hakuibandika popote. Alimpa Brent, mwenye miaka miwili kazini, ambaye sifa yake kubwa ni kwamba huenda kuvua samaki na Todd kila wikendi.

Noreen alimfuata ofisini. Todd hakuinua hata macho kwenye kompyuta.

"Ulisaini namba, Noreen," alisema. "Namba umepewa."

Tena mkataba ulisema aliyepata ruti haruhusiwi kugombea nyingine kwa mwaka mzima. Yaani mwaka ule ule wa daktari. Kosa lilikuwa lake, na ndilo lililomchoma zaidi: alisaini bila kudai orodha ya vituo. Ila nani aliwahi kudai? Tangu ghala lile lifunguliwe, watu walisaini namba tu, kwa sababu namba ilikuwa na maana.

Alikwenda kwa Leo Scarpino, mwakilishi wa chama pale ghalani, mtu wa miaka ishirini na sita kazini. Leo alikuwa anaendesha ruti ya viwanda, mashine na vyuma vitupu, nyonga zake mbili zikiwa hoi. Alimwita dada, kama wanachama wanavyoitana, na akamwonyesha kifungu kimoja: kampuni ikihamisha nusu ya vituo vya ruti au zaidi, karatasi lazima ibandikwe upya na kila mtu yuko huru kugombea. Bahati mbaya Todd alilijua hilo pia. Alikuwa amehamisha hamsini na viwili kati ya mia na ishirini.

"Ameacha nafasi ya kupumulia," Leo alisema. "Si mjinga."

Noreen alichukua likizo ya siku mbili akaipita ile thelathini na moja kwa miguu, daftari mkononi. Akagundua kwamba mahakama, yenye ofisi tisa, Todd ameiandika kituo kimoja. Jengo la benki, ghorofa sita, kituo kimoja. Mlango kwa mlango, vilivyohamishwa vilikuwa tisini na kimoja kati ya mia na hamsini na tisa. Nusu ilikuwa imepitwa mbali.

Kwenye kikao cha malalamiko, mbele ya meneja wa mkoa, Todd alisema jengo ni jengo, kituo kimoja. Noreen akatoa barua ya onyo aliyoandikiwa na Todd huyo huyo miezi minane nyuma, siku lifti ya jengo moja la wazee ilipoharibika. *Umeacha vituo tisa*, barua ilisema. Vyote tisa vilikuwa milango ya jengo hilo moja. Meneja wa mkoa aliisoma mara mbili, akamtazama Todd, akafunga faili. Ruti ya thelathini na moja ikabandikwa, na chini yake, kwa mara ya kwanza, orodha kamili ya vituo.

Noreen alisaini kabla gundi haijakauka. Siku nne jina lake lilikaa peke yake. Siku ya tano, nusu saa kabla ya kufunga, Leo alimfuata kwenye mashine ya kahawa. Walau alikuja mwenyewe.

"Dada, nataka nikwambie kabla hujaona. Nimesaini."

Noreen aliweka kikombe chini.

"Ilipokuwa ishirini na mbili hukuitaka."

"Sikujua ilivyo. Mpaka uliponiletea lile daftari nikaisoma yote. Lifti kila mahali, saa tisa umemaliza. Noreen, hizi nyonga haziniachi hata kuvaa soksi."

"Na magoti yangu?"

"Najua."

"Miguu yangu ndiyo iliyoihesabu, Leo."

"Najua," alisema tena. "Lakini miaka yangu ni ishirini na sita."

Noreen alikichukua kikombe chake. "Basi endesha," alimwambia. "Ila usithubutu kuniambia pole."

Habari zilimfikia Todd upesi. Alimwita Noreen ofisini, akamvutia kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema anamwonea huruma. Kama angeandika barua fupi tu, kwamba Leo alitumia kazi yake ya chama kuichungulia ruti kisha akajichukulia, karatasi ingefutwa, thelathini na moja ingerudi kuwa ya muda, na Noreen angeianza Jumatatu. Aliisukuma kalamu mbele yake.

Uongo hasa haukuwemo katika barua hiyo. Noreen aliitazama kalamu kwa muda mrefu kuliko alivyopenda, goti likimpwita chini ya meza.

"Na mwakani utampa nani?" aliuliza.

"Si tutaangalia hali itakavyokuwa."

"Ndiyo. Utaangalia wewe." Aliinuka kwa kushika meza. "Leo amenipita kwa miaka yake, na nimechukia mpaka meno yananiuma. Lakini miaka yake naweza kuihesabu. Wewe kipimo chako ni nini? Samaki?"

Todd akakunja uso, akasema basi gari la ishirini na mbili linamsubiri.

"Nichapie orodha ya vituo kwanza," Noreen alisema. "Yote. Tia saini chini."

Alisimama pale mlangoni mpaka mashine ilipotoa karatasi ya mwisho, kisha akaenda kupakia chakula cha mbwa.