Rafu ya Tisa

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, karani wa masijala ya vyeti vya ufundi alimaliza chai yake, akafuta mdomo kwa leso, akafungua dirisha la kuhudumia watu. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mshonaji wa mapazia. Hakutaja namba ya faili yake. Alimtazama karani kidogo, akasema shati lile la bluu lilikuwa likimsubiri mwanamume kama yeye tangu lilipotoka kiwandani. Karani akarefuka vidole vinne. Mikono ya shati ilipanda juu ya vifundo, saa yake ikaonekana yote, naye akashusha faili kutoka rafu ya sita bila kuinua visigino.

Foleni ikasogea hatua moja.

Jambo hilo lilijulikana. Karani alikuwa mfupi wa kawaida, mwenye kitambi cha heshima na mke nyumbani, na alirefuka kila aliposifiwa na mwanamke. Kila ilipofika jioni alirudi kimo chake. Sifa za wanaume hazikumfanya kitu. Mkuu wake wa kazi aliwahi kumsifu mbele ya wageni na hakuongezeka hata unywele. Wanaume hata hivyo hawakuwa na haja ya kumsifu, kwa sababu faili zao zilikuwa rafu ya kwanza hadi ya nne, usawa wa kifua. Za wanawake zilianzia ya tano kwenda juu. Ukimuuliza karani sababu, angekuambia ndivyo alivyozikuta, ingawa masijala ilifunguliwa na yeye, na rafu alizipanga yeye.

Wanawake walikuwa na utaratibu wao. Shati na viatu vilitosha kwa rafu ya tano na ya sita. Kwa ya saba ilibidi uisifu sauti. Kwa ya nane ulimwambia kwamba mkewe ametuwahi sote, halafu ukaangalia chini kidogo kama mwenye haya. Walifundishana kwenye benchi, wakicheka nyuma ya mikoba yao. Karani aliwasikia wakicheka, akaamini wanamgombania. Akaanza kujipulizia manukato kabla ya kufungua dirisha na kupaka nywele rangi, maskini, hadi kwenye nyusi.

Wa nne siku hiyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke wa makamo mwenye makovu madogo ya moto mikononi. Alihitaji cheti chake kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Msimamizi wa ujenzi wa daraja alikuwa amemwambia wazi kwamba saa sita ikipita, kazi ya kingo angempa mwanamume mmoja ambaye fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mashine. Cheti cha mwanafunzi wake kilitoka kwa dakika tano, rafu ya pili.

"Faili yako iko rafu ya tisa," karani alisema, akiegemea dirisha. "Huko sijawahi kufika."

Fundi alifikiri, kisha akasema mwandiko wa karani unasomeka vizuri. Ilikuwa kweli, na karani alirefuka upana wa ukucha. Kweli haikuwa na nguvu mwilini mwake. Alisubiri zaidi, akiirekebisha tai. Fundi alisimama palepale mpaka dirisha likafungwa kwa mapumziko.

Mshonaji wa mapazia alikuwa akimngoja nje.

"Dada, ulimi hauna mfupa," alimwambia. "Mvishe kilemba cha ukoka, uchukue chako uende."

Fundi alisema kazi yake ni kuunga chuma, na ukificha ufa ndani ya kiungo, siku moja kitamwangusha mtu.

"Huyu haanguki," mshonaji alisema. "Huyu anakwenda juu tu."

Jumatano na Alhamisi fundi hakuonekana. Ijumaa saa nne alifika na ngazi begani, ngazi ya chuma yenye vidato kumi, aliyoiunga mwenyewe. Akaipitisha mlangoni, akaiegemeza kwenye rafu, ikatulia. Wanawake wote waliokuwa kwenye benchi wakasimama. Karani aliizunguka ngazi mara mbili. Hakukasirika. Aliuliza kwa upole kama ina hati, maana chombo chochote kinachotumika ofisini sharti kiwe kimetengenezwa na fundi mwenye cheti.

"Cheti kiko hapo juu," fundi alisema.

"Basi tukishushe kwanza, ndipo uipande."

Walibishana mpaka saa tano na nusu, na darajani ni mwendo wa dakika ishirini. Fundi alikuwa na hasira, na hasira hiyo alikuwa nayo tangu Jumanne. Alivua glavu, akamtazama karani usoni.

"Nimenyoosha vyuma miaka kumi na tano," alisema, "sijaona kilichonyooka kama wewe. Ningekuwa na mwanamume wa hivi nyumbani, kazi hii ningeiacha leo."

Karani akarefuka. Alipita rafu ya saba, akapita ya nane. Vifungo viwili vya shati vilikatika, kimoja kikaingia chini ya benchi, na mama mmoja akakiokota akamrudishia. Kichwa kilipofika darini alikunja shingo, akaitoa faili pamoja na vumbi lake. Aligonga muhuri akiwa amepiga magoti, kwa kuwa meza ilikuwa mbali sana. Fundi alikimbia, akafika darajani saa sita kasoro dakika tatu, na kazi akaipata. Alichomelea hadi jioni, na mdomoni alihisi ladha ya kutu.

Ngazi ilisajiliwa alasiri hiyohiyo. Ilipewa namba na faili, na kwa kuwa aliyeitengeneza alikuwa mwanamke, faili ikawekwa rafu ya tisa. Kanuni hazikuruhusu mtu kuipanda kabla faili hiyo haijasomwa. Mfagiaji akawa anaanikia juu yake matambara.

Jioni karani hakurudi kimo chake. Aliingia nyumbani kwa kuinama. Mkewe alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa, akaisogeza taa asije akaigonga, akamuuliza leo ni nani. Karani akamsimulia yote, hata lile la kuacha kazi.

"Basi huyo alikuwa na shida kubwa," mke alisema.

Karani alicheka, akasema wivu ni dalili ya mapenzi, akala akiwa amejikunja. Mkewe akaondoa vyombo. Cheti chake cha ukunga, enzi zile walipojuana, kilikuwa rafu ya tano.

Jumatatu seremala alikuja masijala, akapima ukuta, akapasua dari kidogo, na kufikia saa ya chai rafu ya kumi ilikuwa tayari. Karani aliiweka humo faili ya fundi wa kuchomelea, peke yake, akaifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe. Vyeti huhuishwa kila mwaka.