Mgongo wa Shati

Mpiga pasi alikuwa amemaliza ukosi wa shati la karani wa benki na anageukia mkono wa kushoto, kaka yake alipoingia dukani bila gitaa. Hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba kuna jambo. Kaka mtu alikuwa hatoki bila gitaa, hata anapokwenda kupimwa macho.

"Mdogo wangu," alisema, "umekula?"

"Kaka, sema lililokuleta."

Akasema. Bendi imepata nafasi ya kupiga katika ukumbi wa manispaa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wale vijana watatu waliojaribiwa kushika nafasi ya marehemu mwimbaji wao wote wamegonga mwamba. Wa kwanza sauti yake iliishia kifuani, wa pili alikuwa na nywele nzuri basi, na wa tatu alilia katikati ya wimbo, akaomba kwenda kunawa uso, na mpaka leo ananawa. Nyimbo zile hakuna wa kuziimba.

"Isipokuwa wewe," alimaliza, akiitazama pasi badala ya dada yake.

Mpiga pasi akaisimamisha pasi. Moshi mwembamba wa mvuke ukapita baina yao.

"Mbele?" aliuliza.

"Mbele. Safari hii mbele."

Hapa inabidi lisemwe jambo ambalo watu wanne tu waliwahi kulijua, na wawili kati yao wameshazikwa. Kishindo, mwimbaji wa bendi ile kongwe ya roki, mtu ambaye picha yake ilining'inia kwenye gereji na vyumba vya wanafunzi kwa miaka thelathini na moja, hakuwahi kuimba hata mstari mmoja. Siku ya kurekodi wimbo wa kwanza aliamka amekaukiwa na sauti. Studio walikuwa wamepewa saa mbili tu. Dada wa mpiga gitaa alikuwa ameleta shati jipya la picha ya jalada, na kwa kuwa nyimbo alizijua kwa kuzisikia kupitia ukuta nyumbani, akaimba yeye, shati likiwa mkononi lisije likakunjika. Sauti yake ni nzito, ina mkwaruzo kama meza inayoburutwa chumba cha jirani. Kila aliyeisikia alijua ni sauti ya mwanamume mwenye ndevu. Kishindo alikuwa na ndevu. Mambo yakabaki hivyo.

Kwenye maonyesho alisimama juu ya kreti la soda, nyuma ya spika kubwa ya kulia. Kabla ya kila mstari aligonga kreti kwa kisigino, mara moja, ili Kishindo afumbue mdomo kwa wakati. Kishindo, kwa hofu ya kuchelewa, alizoea kuwahi kidogo sana. Hakuwa mtu mbaya. Kila onyesho alimletea pipi za koo, na kila onyesho alisema "asante mama" kabla hata mpiga pasi hajawa mama wa mtu yeyote. Lakini katika miaka yote hiyo mpiga pasi hakuwahi kuona uso wa mtu anayemsikiliza. Alichokiona ni mgongo wa shati la Kishindo, alilolipiga pasi mwenyewe asubuhi, likilowa jasho kuanzia mabegani.

Alitaka kuimba mara moja tu akiwatazama watu usoni. Lilikuwa ombi dogo na aliliona dogo, ndiyo maana hakuwahi kulisema.

"Ila," kaka akaongeza, akijikuna shingo, "Chama cha Mashabiki wakukubali kwanza. Bila wao ukumbi utajaa viti."

Chama cha Mashabiki kilikutana kila Jumamosi saa tisa alasiri katika darasa la shule ya udereva, kwa sababu mwalimu wa udereva ndiye aliyekuwa Katibu. Ukutani palikuwa na chati ya alama za barabarani. Kwenye kona palikuwa na kiti kilichong'olewa katika gari bovu, na mbele yake usukani uliofungwa kwenye meza, wa kujifunzia kukata kona. Wanachama walikuwa arobaini na watatu. Mpiga pasi alikaa kando ya kaka yake, mkoba mapajani, akasikiliza akijadiliwa kama vile yuko mji mwingine.

"Mtu mmoja mmoja," alisema Katibu. "Msipitane kwenye kona."

Mmoja alisema bendi isiyo na Kishindo izikwe, iishe, watu wabaki na kaseti zao. Mwingine akasema mwimbaji mpya si dhambi, lakini si mwanamke. Wa tatu akasema mwanamke si neno, lakini si mwanamke wa miaka hamsini na mitatu aliyempigia pasi suruali wiki iliyopita. Muuza dawa, mama mmoja mwenye roho nzuri na miwani iliyofungwa gundi, aliuliza kwa nini asijaribiwe kwanza. Akazomewa kwa heshima.

Ndipo akasimama fundi wa meno ya bandia. Huyu alikuwa na kaseti zote kumi na nne, na akizungumza hata mafeni yalikuwa kama yanapunguza mwendo.

"Katika wimbo wa kwanza kabisa," alisema, "ubeti wa pili, kuna mahali Kishindo anavuta pumzi ghafla. Kidogo tu. Kama mtu aliyeguswa na uchungu wa dunia nzima. Mimi pumzi ile imenisaidia nilipofiwa na mke. Sasa niambieni, huyu mama wa pasi ataitoa wapi?"

Mpiga pasi aliikumbuka vizuri pumzi ile. Shati lilikuwa jipya, na pini ya kiwandani iliyosahauliwa kwenye ukosi ilimchoma kidole gumba.

Walikuwa katika ajenda ya tatu Kishindo alipoingia. Ilikuwa Jumamosi ya tatu tangu azikwe. Alipangusa viatu mlangoni, akainamisha kichwa kuwasalimu, na waliokaa karibu na mlango wakavuta miguu apite. Muuza dawa akamwambia pole na safari. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kile cha kwenye usukani, akakaa hapo, akaweka mikono juu ya usukani, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuiweka. Shati alilozikwa nalo lilikuwa limekunjamana vibaya. Mpiga pasi aliona mikunjo kabla hajaona uso.

"Chama kinatambua kuwepo kwa marehemu," alisema Katibu, akaandika.

Kishindo alinyoosha kidole kumwonyesha mpiga pasi. Kisha akajigusa koo, akatikisa kichwa. Akafumbua mdomo, pasitoke kitu. Muuza dawa akampa maji. Akanywa, akafumbua tena, pasitoke kitu.

"Anasema sauti imemtoka kwa ajili ya mambo haya tunayoyajadili," alieleza fundi wa meno, machozi yakimlengalenga. "Mimi midomo ndiyo kazi yangu."

Kishindo akatikisa kichwa kwa nguvu zaidi, akaashiria kalamu. Hapo Katibu alipata tabu, maana alikuwa mtu wa watu na hakupenda kumnyima mgeni. Lakini katiba iko wazi: kitu chochote kinachoingia katika kumbukumbu za mkutano huandikwa na mwanachama, na Kishindo hakuwa mwanachama. Aliwahi kuomba, miaka ya nyuma, wakamkatalia wakisema mtu hawezi kuwa shabiki wa nafsi yake. Katibu akaifunika kalamu, akamwomba radhi.

"Basi mama aimbe," alisema. "Tusikie, tumalize."

Mpiga pasi akapiga moyo konde, akasimama mbele, chini ya chati ya alama za barabarani. Jua la alasiri lilikuwa limefika katikati ya darasa na vumbi la chaki lilielea ndani yake polepole, likipanda na kushuka. Akawaona. Nyuso arobaini na tatu. Mmoja alikuwa na kovu kidevuni, mmoja anatafuna kitu na kukificha shavuni, mmoja anafanana na marehemu mama yake kiasi cha kumfanya atabasamu. Alifurahi. Hakuna neno lingine. Kaka akapiga nyuzi za mwanzo, na yeye, kwa mazoea ya miaka thelathini na moja, akagonga sakafu kwa kisigino.

Kule kwenye usukani Kishindo akafumbua mdomo.

Sauti ikajaa darasani. Vioo vya dirisha vikatetemeka mahali pale pale vilipokuwa vikitetemeka kaseti ikichezwa. Na vichwa arobaini na vitatu vikamgeukia Kishindo, vyote kwa pamoja, kama darasa zima limeambiwa litazame kulia kabla ya kuvuka.

Mpiga pasi akabaki anaimbia masikio.

Aliimba ubeti wa kwanza. Katika ubeti wa pili, mahali pa pini, akavuta ile pumzi, na fundi wa meno akatoa leso. Kishindo alikuwa akihangaika kuufumba mdomo, ilionekana wazi, lakini kisigino kilipogonga ulifumbuka wenyewe, ukiwahi kidogo kama siku zote.

"Mmeona?" fundi wa meno alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika nje. "Tazameni midomo. Yake inatangulia. Huyu mama anafuata tu. Kishindo ndiye anayeimba!"

Mpiga pasi alisikia. Akatambua kuwa dawa ilikuwa miguuni mwake. Kabla ya ubeti wa tatu akauvua kiatu ule mguu wa kugongea, akaukunja nyuma ya mwingine, akasimama kwa mguu mmoja asije akajisahau. Kishindo akafumba mdomo. Akaweka mikono mapajani, akamtazama mpiga pasi, na uso wake ulikuwa umepumzika kuliko walivyowahi kuuona kwenye picha yoyote. Mpiga pasi akaimba ubeti wote peke yake, mdomo wa marehemu umefungwa, kila mwenye macho anaona.

"Haya, mnasikia sasa?" alisema fundi wa meno kwa huzuni. "Kanyamaza yeye, na sauti imebaki bati tupu."

Watu wakatikisa vichwa. Ni kweli, walisema. Tofauti ni mbingu na ardhi.

Mpiga pasi akaacha kuimba. "Sauti ni yangu," alisema. "Tangu kaseti ya kwanza ni yangu. Kaka, waambie."

Kaka alikuwa ameinama. Uzi wa pili wa gitaa ulikuwa sawasawa kabisa, hauna tatizo lolote, naye alikuwa anaukaza, anaulegeza, anaukaza tena.

"Kaka."

"Tuwasikilize mashabiki, mdogo wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Ndio wenye bendi."

Muuza dawa akaja akamshika mkono, akamketisha. "Tunakuelewa, mama," alimwambia, na alimaanisha. "Msiba una mambo yake. Hata mimi nilipofiwa na baba nilidhani kikohozi chake ni changu."

Azimio lilipendekezwa na fundi wa meno. Marehemu asimame mbele na maikrofoni, kama kawaida. Mama wa pasi, ambaye imeonekana uwepo wake unamsaidia marehemu kupumua, awekwe nyuma ya spika ya kulia, na atafutiwe kitu cha kusimamia. Waliokubali walikuwa arobaini na mmoja, wawili hawakupiga kura. Aliyepinga alikuwa mmoja, kwenye usukani, mikono yote miwili juu, lakini hakuhesabiwa kwa sababu iliyokwisha elezwa. Kaka akawashukuru kwa niaba ya bendi. Walipokuwa wanatoka, mashabiki walimpa Kishindo mkono, wakamwambia amewafuta machozi.

Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, Kishindo alifika kwenye duka la pasi, akasimama nyuma ya mteja mwenye mapazia hadi zamu yake ikafika. Akatoa mfukoni pipi za koo, karatasi zake zina udongo kidogo, akaziweka mezani. Kisha akasema jambo bila sauti. Mpiga pasi hakuhitaji sauti, alikuwa ameifundisha mwenyewe ile midomo.

"Usipokuja?" alimjibu. "Usipokuja wewe wataghairi onyesho, na mimi nitabaki hapa na mapazia. Ukija, nitaimba. Umeelewa? Nimekasirika, sana, na nitaendelea kukasirika, lakini nitaimba. Vua shati."

Kishindo akavua. Akakaa kwenye benchi la wateja na fulana yake, mikono mapajani, akitazama mvuke ukipanda hadi darini na kutawanyika. Mteja mpya aliingia, akamsalimia, akasema kwamba leo jioni atakuwa mstari wa mbele kabisa, hataki apitwe na kitu.

Mpiga pasi alilowesha kitambaa, akakikamua. Mashati mengine aliyaanza na ukosi. Hili alilitandaza kifudifudi, akaanza na mgongo, akaurudia mara tatu mpaka ukanyooka kuanzia mabegani hadi kwenye upindo, maana ndio atakaoutazama jioni nzima.