Sahani ya Makumi

Ndoto hii mwenyewe aliisema kwa kinywa chake, nami naitoa kama nilivyoipokea, chumvi sikutia. Mwalimu Mwanakheri wa darasa la nne alirudi nyumbani mchana huo kichwa kikimgonga. Alikuwa ametoka kusahihisha mtihani wa kugawanya, 618 kwa 6, na watoto tisa walikuwa wameandika 13 pale panapotakiwa 103. Tisa! Mwalimu Mkuu Shekue aliyataka majina yao kabla ya magharibi, warudishwe darasa la tatu, na la kwanza kwenye karatasi lilikuwa la Zawena, binti wa miaka kumi na moja aliyekwisha kurudia darasa mara moja. Baba yake alishaapa kwamba akirudishwa tena basi, shule imemshinda, akae nyumbani alee wadogo zake. Mwanakheri hakulipenda jambo hilo, ila alijiambia hesabu haina huruma. Akajinyoosha mkekani, madaftari ubavuni, usingizi ukamchukua.

Akajiona yuko kwenye ua wa jumba kubwa lenye shughuli ya harusi, na mwanamke aliyekunja mikono ya gauni, unga umempanda hadi viwikoni, akamjia taratibu kana kwamba siku haina mwisho. "Karibu mwanangu," akasema. "Mimi naitwa Subira. Leo mgawaji ni wewe. Maandazi ni mia sita na kumi na nane, majamvi ya wageni ni sita, na kila jamvi lina watu mia na watatu. Kila mtu andazi moja. Mbele ya kila jamvi utapanga sahani tatu kwa mstari: ya mamia, ya makumi, na ya moja moja. Karani atazisoma kwa mpangilio wake, na watakula wengi kadiri atakavyosoma." Mwanakheri akaona kazi yenyewe ndogo. Miaka kumi na miwili anafundisha hesabu, ashindwe na maandazi?

Makapu ya mia mia yalikuwa sita, akayatoa upesi, kila jamvi kapu moja kwenye sahani ya kwanza. Kikabaki kifurushi kimoja cha kumi, na majamvi sita yanakitazama. Hapo akatokea bwana mmoja wa viatu vya kung'aa, jasho linamtiririka na kazi hajafanya. Huyo alikuwa Haraka. "Kimoja kwa sita hakiingii, ruka!" akapiga makofi. "Sahani haina kitu, ya nini kuipanga? Fungua kifurushi, changanya na yale manane, kumi na nane kwa sita, tatu tatu, kwisha!" Mwanakheri akazisukuma sahani za makumi chini ya meza, akagawa tatu tatu, akajipangusa mikono.

Karani akasoma sahani mbili alizoziona: "Moja, tatu. Kumi na tatu!" Loo! Kapu la mia likasinyaa mbele ya macho yake hadi likawa kifurushi cha kumi. Kila jamvi wakala watu kumi na watatu, na tisini wakabaki wanatazamana. Aibu, kajifunika khanga gubigubi, akawa anapita kwa wenye njaa akiwanong'oneza, "Nyamazeni, mtachekwa." Nyuma yake akaja Lawama na kalamu nyekundu, anaandika majina.

"Unaandika nini?" Mwanakheri akauliza.

"Waliokosa kula."

"Lakini hao hawakugawa!"

"Mie naandika wenye njaa," Lawama akajibu bila kuinua macho. "Mgawaji simwandiki. Huyo ndiye anayenipa kalamu."

Subira akainama, akavuta sahani moja kutoka chini ya meza, akaipangusa kwa kiganja. "Mwanangu, isipopatikana kitu husemwa hakuna, na hilo nalo ni jibu. Sahani tupu hupangwa kama wenzake. Ukiiacha, ile ya mbele husogea na kushuka cheo. Nani alikufunza kuruka?" Mwanakheri akafumbua kinywa amtaje Haraka, lakini sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, ile ya darasani, yenye mahadhi: "Haiingii? Ruka, shusha inayofuata!" Akashtuka, yu macho.

Jua la alasiri lilikuwa bado mlangoni. Akavuta daftari la Zawena, akafunua nyuma wiki tatu, na pembeni mwa ukurasa akaikuta kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wake: Haiingii? Ruka. Akafunua ya wengine, vilevile. Wangekuwa wajinga, kila mmoja angekosea kwa njia yake; hawa tisa walikosea sawasawa, watoto watiifu. Akaona haya, haya hasa, hata peke yake mle chumbani akajifunika uso. Kisha akaichana ile karatasi, akaandika nyingine, akavaa viatu.

Mwalimu Mkuu Shekue aliipokea barazani kwake, akaweka miwani. "Ulisema tisa. Hapa naona jina moja."

"Ndilo hilo, Mwalimu."

Akalisoma mara mbili. "Mwanakheri, hili si lako?"

"Ni langu. Watoto waache walipo, nipe wiki mbili niwafundishe upya."

Mzee akaikunja karatasi. "Na babake Zawena? Kesho atakuja kuuliza, nimwambieje?"

"Mwambie bintiye alifanya kila nilichomfundisha."