Maji Safi ya Mama Waceke

Maxine Aoko na Waceke hawakuchaguana. Mwalimu Muli wa sayansi alitia majina ya gredi ya nane kwenye kikombe, akayatoa mawili mawili, na yao yakatoka pamoja. Hiyo ilikuwa Januari. Kufikia Februari walikuwa wakizungumza tu pale mwalimu alipokuwa akiwatazama.

Chanzo kilikuwa neno moja. Maxine alikuwa na mazoea ya kuokota vitu nyuma ya karakana ya shule yao ya bweni pale Theta: waya, misumari, king'ora cha pikipiki iliyokufa zamani. Waceke akawaambia wasichana bwenini kwamba amepangwa na chokora wa kuokota taka. Kicheko kiliisha usiku ule ule, lakini jina likabaki, hata watoto wa gredi ya saba wakalijua. Maxine hakumjibu. Alichofanya ni kuacha kumweleza chochote. Aliunganisha waya akiwa amempa mgongo, na Waceke akiuliza huu unaenda wapi, aliambiwa asome kitabu.

Walikuwa wakiunda kengele ya tanki. Misumari miwili ilining'inia mdomoni mwa tanki. Maji yakipanda yakaigusa yote miwili, umeme ulipita katikati yake na king'ora kikalia, ili mtu akafunge mfereji. Kwao Maxine, mtaa wa Landless mjini Thika, maji yalikuja siku mbili kwa wiki, na kila yalipomwagika ploti nzima ya wapangaji iligombana. Alijua anachokitengeneza.

Siku moja aliijaribu kengele kwa maji ya mvua, ikanyamaza. Akafikiri sana, akaenda jikoni kuomba chumvi, akatia kidogo tu, na king'ora kikalia mpaka mpishi akatoka nje kutazama. Maji yakiwa safi mno hayapitishi umeme wa kutosha. Wakati huo Waceke alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Maxine aliandika jambo hilo katika daftari lake mwenyewe, si lile la kikundi.

Maonyesho ya sayansi yalikuwa ya mtandaoni, shule thelathini kutoka pande zote za kaunti, na yakaangukia Jumamosi ya likizo fupi ya katikati ya muhula. Mwalimu Muli akaamua kengele iende kwa kina Waceke, Kamakis, kwa kuwa kule intaneti haikatiki. Waceke angeonyesha, Maxine angeingia kwa simu kutoka nyumbani na kueleza. Maxine alilalamika kwamba kifaa ni chake. Mwalimu akamwambia pale hakuna kazi ya mtu mmoja, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumamosi mama yake Maxine alimwachia simu akaenda zamu kiwandani. Alikuwa ameshawaambia majirani kwamba mtoto wake ataonekana na wakubwa wa kaunti. Maxine akavaa sweta ya shule, akaiegemeza simu kwenye mkebe wa majani chai, akangoja saa nzima huku shule nyingine zikionyesha majiko na mashine za kukamulia juisi.

Zamu yao ilipofika, kioo kilijaa sebule ya kina Waceke. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe, na nyuma yake bango la rangi lililoandikwa jina la Waceke kwa herufi kubwa. Maxine alilitafuta jina lake mpaka akalipata kwenye kona ya chini: akisaidiwa na Maxin. Hata herufi ya mwisho hawakuiweka.

Waceke alizungumza vizuri, hilo Maxine hakuweza kulikana. Alisema wazo lilimjia asubuhi moja tanki la kwao lilipofurika. Alieleza sehemu yake, kisha akaeleza na ya Maxine. Maxine alijaribu kufungua maiki akakuta imefungwa na waandalizi. Ilibidi aitwe kwanza na mwenzake. Hakuitwa.

Kisha Mama Waceke akaingia kwenye picha akiwa na jagi la kioo na chupa kubwa ya maji ya kunywa, mapya, yaliyochujwa, ili majaji waone vizuri. Waceke akaining'iniza misumari ndani ya jagi, akamimina. Maji yaligusa msumari wa kwanza, yakagusa wa pili, yakapanda mpaka ukingoni na kumwagikia kitambaa. King'ora hakikulia.

Jaji, mhandisi aitwaye Okello, alimwambia asiwe na haraka. Waceke akachomoa betri, akairudisha. Akashika waya huu, akashika ule. Mama yake akaleta mkono akakitikisa kifaa chote.

"Una mwenzako hapa," akasema Mhandisi Okello. "Maxine, unaweza kumsaidia?"

Maiki ikafunguliwa. Jibu lilikuwa neno moja, na chumvi ilikuwa jikoni kwa kina Waceke, hatua chache kutoka pale. Waceke alikuwa akitazama moja kwa moja kwenye kamera. Muhula mzima hakuwahi kumtazama Maxine namna ile, kama mtu anayehitaji kitu. Maxine akaona raha ambayo hakuitarajia.

"Sijui," akasema. "Kifaa kiko kwake."

Mhandisi akangoja kidogo, akawashukuru, akaita shule nyingine. Kabla picha haijaondoka Maxine alimsikia Mama Waceke akimkaripia binti yake kwa Kikuyu, na Waceke akilia.

Jioni mama yake alipouliza, Maxine alimwambia mtandao ulikatika.

Jumanne, shuleni, Mwalimu Muli aliwaita wote wawili, akaitumbukiza misumari kwenye maji ya mfereji na kengele ikalia mara moja. Akaitumbukiza kwenye maji ya mvua, ikanyamaza. Akamuuliza Maxine kama alijua. Maxine akasema alijua.

"Ulitaka niaibike mbele ya mathe," Waceke akasema.

"Ndiyo."

"Juu ya bango? Mimi sikuliandika. Ni mama."

"Juu ya chokora."

 Waceke akasema kwamba alikuwa amewahi kufikiria kumwomba msamaha kwa jina lile, ila sasa hatauomba kamwe, na hata likisahaulika atalikumbusha.

Mhandisi Okello alikuwa amemwandikia mwalimu. Kikundi kingepewa dakika kumi nyingine Alhamisi, mradi wasichana wote wawili wawe chumba kimoja. Waceke akasema hasimami karibu na yule. Maxine akasema hata yeye hasimami. Mwalimu Muli aliwasihi, jambo ambalo hawakuwahi kumwona akilifanya, kisha akawafokea, kisha akaandika mbele yao kwamba kikundi kimejiondoa.

Shule ilipofungwa Aprili, Maxine alimkuta mama yake kwenye foleni ya maji akimsimulia jirani mgeni jinsi mtandao ulivyomnyima mtoto wake nafasi ya kwanza. Aliisimulia kwa hasira kabisa. Majirani wengine walikuwa wameshaisikia, na bado walitikisa vichwa kwa huruma.

"Si ni hivyo, Maxine?"

Maxine akaitikia kwamba ni hivyo, akaingia ndani na mkoba wake.